Nafasi ya Vidole Viwili

Mume wangu alikuwa fundi ekzosi. Gereji yao ilikuwa Temeke, na miaka yote niliyokaa naye nguo zake nilizifua peke yake, kwenye beseni lake, kwa sababu masizi yale ukiyachanganya na nguo za watu umeziua. Hakuwa msemaji. Mkono wake wa kazi ulikuwa wa kushoto. Akishaingiza bomba mahali pake, alilipiga kwa kitako cha kiganja, pa!, mara moja tu, likae. Kisha aliuliza, hata kama hakuna mtu karibu: "Imeshika?"

Mazoea hayo aliyaleta nyumbani. Akirudishia mguu wa meza, pa!, "Imeshika?" Akitia kitasa mlangoni, pa!, "Imeshika?" Na mie huko jikoni mikono imejaa unga, naitikia: "Imeshika." Wala sikuwa nimeona kitu. Niliitikia kama mtu anavyoitikia hodi.

Sababu ya kuuliza aliniambia mara moja, na sikumwomba arudie. Zamani, kabla hatujahamia Kiwalani, ililetwa gerejini kwao pikapu iliyotoka safari ndefu. Nyuma ilikuwa imefunikwa turubai na watu walikuwa wamelala humo. Bomba la moshi lilikuwa limeachana na injini kidogo tu, upenyo wa kupitisha kidole, na moshi ulikuwa ukipanda ndani ya turubai njia nzima. Watu wazima waliamka wakitapika. Mtoto mmoja wa kike hakuamka. Si mume wangu aliyefunga bomba lile. Lakini ndiye aliyeingizwa chini ya gari kuangalia, na alipokuwa chini kule alikuwa anaiona miguu ya mama wa mtoto, amekaa juu ya tairi, ametulia tu, hajavaa viatu. Basi. Toka hapo akawa anapiga na kuuliza.

Hayo ni ya nyuma. Ninayotaka kuandika ni ya juzi juzi, mie nikiwa bibi mtu mzima, na sijamwandikia mtu wa kucheka.

Mwanangu wa mwisho ni binti, fundi wa viyoyozi. Wenzake walishaoa na kuolewa, wajukuu wamenijaza, yeye akabaki na sie. Kiwalani ndege za kushuka zinapita juu ya bati letu, unaona mpaka magurudumu yake. Watoto wangu wengine walikuwa wakizisikia wanaziba masikio. Huyu alikuwa anatoka nje kuziangalia. Nilimchapa kwa kuunguza maharage akiangalia ndege, na haikusaidia.

Huko kwenye kazi zake alikutana na mzee mmoja wa Kinondoni, Mwarabu wa hapa hapa, duka lake la vifaa vya ujenzi lilianzishwa na babu yake. Mzee huyo ujanani alikuwa na starehe yake moja: kurusha ndege za mfano, zile zinazoongozwa kwa rimoti, kwenye uwanja mtupu upande wa Bunju. Sasa mikono inamtetemeka, hawezi tena. Alikuwa amebakiwa na injini moja ya jeti. Ni jeti kweli, si mchezo wa mtoto. Ukubwa wake kama kopo la maziwa ya unga, ndani ina feni yenye meno madogo madogo, na inakunywa mafuta ya taa, haya haya ya jiko la utambi. Watoto wake walitaka iuzwe. Yeye akampa binti yangu kwa sharti.

"Tengeneza ndege," alimwambia. "Ukimaliza, ilete Bunju. Nitachungulia kwanza jinsi ulivyoiweka injini na bomba lake. Ikiwa sawa, utaiwasha mbele yangu, na injini ni yako. Ikiwa si sawa, haiwashwi. Naondoka nayo. Nilishaunguza ndege moja kwa uzembe huo, sitaunguza ya pili."

Binti yangu alirudi siku hiyo uso unang'aa kama bibi harusi. Alijua akiipata injini ile, na mzee yule akimshika mkono, wenye ndege kama hizo watampa kazi zao. Hilo ndilo alilolitaka, na mie mama yake sijawahi kumwona akitaka kitu kingine namna ile, wala mume.

Wakaanza kuijenga stoo, yeye na baba yake. Stoo yetu iko uani, ukuta mmoja na jiko langu. Binti alitengeneza mwili wa ndege kwa mbao nyembamba na kitambaa cha gundi. Baba akakunja bomba kwa bati la chuma kisichoshika kutu, jembamba kama la kopo, mdomo wake akaufumua kama wa tarumbeta. Lilikuwa bomba zuri. Nilimsikia akilipiga kwa kucha, likaita.

Ugomvi ukaanza siku ya kuliweka. Nilikuwa nimesimama mlangoni na chai yao.

"Baba, hapa panatakiwa nafasi," binti akasema.

"Nafasi ya nini?"

"Kati ya injini na bomba. Kama vidole viwili. Visigusane."

"Ekzosi isiyogusa injini?" Baba yake akacheka. "Basi na mie niwe mume wa mama yako, halafu nikakae Mbagala."

"Jaribu uone," nikasema.

"Baba, nisikilize. Moto unatoka kwenye injini kwa kasi, unaingia kwenye bomba. Ukipita hapo katikati unavuta hewa ya baridi ya pembeni, inaingia nayo. Hiyo ya baridi ndiyo inayokinga bomba. Ukivigusanisha, hewa haipiti, bomba linakuwa jekundu, ndege inaungua."

"Na nikivitenga zaidi?"

"Moto unamwagikia tumboni. Inaungua vile vile."

"Ikikaribia kosa, ikienda mbali kosa. Injini gani hii yenye maringo!" Alikuwa bado anacheka, kisha akaacha. Akaitazama ile nafasi kwa muda mrefu. "Moshi ukiona upenyo unatoka, mwanangu."

"Huu hautoki, baba. Hapo hewa inaingia."

"Moshi ninaujua mie."

Chai ikapoa. Mwisho wake akasema, "Sawa. Ndege yako."

Nilifurahi aliposema hivyo, kwa sababu katika ndoa yetu sawa yake ilikuwa sawa. Siku zilizofuata binti akiwa kazini, yeye alimalizia chini ya ndege, akaifunga tumbo kwa ribiti, vipini vya chuma visivyofunguka bila kutobolewa, akaisimamisha juu ya meza yake ya kazi. Na haukupita muda, akafa. Asubuhi aliingia kutawadha, tukasikia ndoo imeanguka. Presha.

Nikakaa eda. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki nyumbani ila kwa dharura, hajipambi, hajitii hata mafuta ya kunukia. Sikuona tabu. Mtu anayefiwa anahitaji mahali pa kuwekwa. Ila nataka ieleweke kwamba mchana kutwa mie ndiye niliyekuwa nyumbani, na ufunguo wa stoo niliufunga kwenye pindo la khanga, kwa kuwa vyombo vya marehemu vilikuwa havijagawiwa. Binti alikuwa akija kuuchukua jioni, anafanya kazi yake, ananirudishia.

Ilikuwa mchana, saa ile mtaa wetu unakufa kwa jua. Kuku wamejibana kivulini, redio za majirani zimenyamaza, bati linalia lenyewe kwa joto, ti, ti, ti. Nilikuwa uani nachagua mchele. Ndege ya kushuka ikapita, ikatikisa vyombo kabatini, ikaenda zake. Halafu, ndani ya stoo iliyofungwa:

Pa!

"Imeshika," nikasema.

Neno lilishatoka. Nikabaki na ungo mapajani, mchele nusu umechaguliwa. Mie si mwoga. Nimeosha maiti za ndugu na za majirani, nimelala na wagonjwa mpaka pumzi ya mwisho. Lakini sikuinuka pale.

Binti aliporudi akafungua stoo.

"Mama, uliingia humu?"

"Sikuingia."

"Bomba limesogea. Nililiacha jana na nafasi yake, sasa limegusa injini kabisa."

"Umeliacha vibaya."

"Sikuliacha vibaya, mama."

Akalirudisha nyuma, akapima, akakaza kishikizo chake. Kukaza sana hakuwezekani, bati lile ukilibana linabonyea. Asubuhi akachungulia kabla ya kwenda kazini: nafasi ipo, vidole viwili. Mchana, pa! Jioni, limegusa. Ikawa hivyo. Si kila siku. Siku za mawingu palikuwa kimya, na mie nikawa nasikiliza ule ukimya mpaka shingo inauma. Siku za jua kali nilikuwa najua itakuja, najikaza nisijibu, na ikija mdomo wangu unajibu.

Wifi yangu, dada wa marehemu, alikuwa akija mchana kunikalia eda. Naye akasikia. Alikuwa anakula muhogo, akabaki na kipande shavuni.

"Nini hicho?"

"Stoo."

"Nani yuko stoo?"

"Hakuna mtu."

Akatafuna taratibu, akameza. "Kaka yangu huyo."

"Wifi, nyamaza."

"Ninyamaze nini? Wewe umeolewa naye, mie nimezaliwa naye. Alivyokuwa mbishi yule, unadhani udongo utamtosha? Utotoni aliona ufa kwenye ukuta wa bibi yetu, akaziba kwa ugali. Tukalala njaa!" Akacheka mpaka akajishika kifua. Kisha akaacha, akausogeza mkeka wake mbali na ukuta wa stoo. "Kwani binti anafungua nini ambacho baba yake hataki kifunguliwe?"

Nilikuwa nimeshalifikiria hilo kabla yake, na ndiyo maana nilichukia alivyolisema.

Tulisoma dua. Wifi akafukiza ubani mle ndani, moshi wake ukapanda wima, umetulia, hakuna hata upepo wa kuupinda. Kesho yake jua likawaka, ndege ikapita, pa!

Hapo nikamwita binti yangu, nikamkalisha.

"Kikifunga tena, kitu hicho kinatoka nyumbani kwangu."

"Nikipeleke wapi, mama?"

"Sijui. Mie nakaa eda ya mume wangu, siwezi kukaa na mlango unaogongwa kwa ndani."

"Mzee wa Kinondoni anakusubiri wewe umalize eda ndipo twende Bunju. Alisema si adabu kuwasha ndege nyumba ina msiba. Nikiitoa hapa itavunjika. Nikiipeleka ikiwa imegusana, hataniuliza kwa nini. Atafungua injini yake ataondoka." Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. "Mama, ni wewe unayeisogeza?"

Sikumpiga. Alikuwa mtu mzima, na macho yake yalikuwa yanataka niseme ndiyo. Ingekuwa mie, ingekuwa rahisi kwake.

"Ningetaka kuivunja ningeivunja," nikamwambia, "nisingeisogeza."

Akatafuta kijiti cha mti wa mninga kwenye takataka za baba yake, akakipasua na kukipiga msasa mpaka kikatosha kwenye ile nafasi, hakipwayi wala hakibani. Akakiacha hapo kati ya injini na bomba. "Kama ni kutikisika kwa ndege za juu, hiki kitazuia," akasema. "Na kama si kutikisika?" nikauliza. Akafunga mlango, akanipa ufunguo.

Mchana uliofuata wifi hakuja. Jua lilikuwa jeupe. Nilijikalisha karibu na mlango wa stoo, nikaegemea, kwa sababu nilishachoka kuogopa kwa mbali. Ndege ikapita. Nikasubiri. Hakukuwa na pa! Kulikuwa na sauti ya kusaga, krrr, ndogo, ya taratibu, kama mtu mwenye meno mabovu anayeguguna mfupa.

Nikafungua.

Joto la mle ndani lilinipiga usoni kama la tanuri. Kila kitu kilikuwa alivyokiacha: jiliwa la kubania vyuma mdomo wazi, koti lake la kazi kwenye msumari, mabega bado yana umbo la mabega yake. Ndege iko mezani, kifuniko cha juu kimetolewa, unaona ndani yake kama kuku aliyepasuliwa. Kijiti kilikuwa mahali pake. Lakini mdomo wa bomba ulikuwa umekishika. Umekibana dhidi ya injini mpaka ukingo wake umezama kwenye mti.

Nikakishika nikivute. Hakikutoka. Nikavuta kwa nguvu, na bomba likarudi nyuma kidogo, kisha likaja mbele tena. Lilikuja taratibu. Halikuwa kitu kilichoanguka wala kuteleza. Lilikuwa linavuta, vile mtoto anavyovuta ziwa ukitaka kumwachisha.

"Niachie," nikasema.

Sijui nilikuwa namwambia nani. Nikaachia mie. Nikatoka, nikampigia simu binti. Nikamwambia neno moja tu: njoo.

Alifika alasiri, mkoba wa spana bado begani. Akakiona kijiti, akashika bomba kwa mikono miwili, akalirudisha nyuma, akaliachia. Likaja. Akafanya tena. Nikaona kipaji cha uso wake kimekunjamana, vile anavyokikunja akiwa kazini.

"Mama, kuna kitu kinalivuta. Kwa chini."

"Ndivyo ninavyokuambia siku zote."

"Hapana. Kitu. Kweli kweli."

Tukaipindua ndege juu ya godoro langu la uani. Akatoboa zile ribiti za baba yake moja moja, akainua kifuniko cha tumbo. Nilimulika kwa simu.

Palikuwa na mipira miwili myeusi, ile minene ya kuning'inizia ekzosi za magari, imechongwa ikawa myembamba. Upande mmoja imefungwa chini ya kitako cha injini, upande wa pili imeshikwa kwenye bomba, na imevutwa ikakazana kama kamba za kitanda kipya. Imefungwa kwa waya mwembamba, na waya umesokotwa kuelekea kushoto, ncha yake imekunjwa ndani isimchome mtu. Hakuna mwingine anayesokota hivyo. Kamba yangu ya kuanikia nguo imefungwa hivyo mpaka leo.

Binti alikaa chini. Akanieleza, na nimeyaandika kama nilivyoelewa. Mie nilidhani joto linalegeza mpira. Akasema mpira uliokwisha kuvutwa ukipata joto unazidi kuvuta. Asubuhi bati limepoa, kishikizo kinauzuia. Mchana stoo inakuwa tanuri, mpira unakaza, ndege ya kushuka inatikisa meza, kishikizo kinateleza, na bomba linakwenda kugonga injini. Pa.

"Kwa hiyo ni baba," akasema.

"Ni yeye."

"Alijua kila nikiifungua nafasi itajifunga tena."

"Alijua."

"Aliniambia sawa, mama! Akanitazama usoni akasema sawa, halafu akaenda kunifungia kwa chini. Na ningeiwasha, mipira hii ingeungua, ndege yote ingeshika moto nimeisimamia. Alinidanganya."

Hapo ndipo nilipomweleza habari za pikapu. Hakuwa akizijua, baba yake hakuwahi kumwambia mtoto wetu yeyote. Nikamweleza turubai, na upenyo wa kidole, na yule mtoto wa kike, na miguu ya mama yake. Binti alisikiliza huku ameushika waya ule, kidole chake kinafuata msokoto.

"Alikuwa na umri gani?"

"Hakuniambia. Lakini wewe ulipozaliwa, alizunguka nyumba nzima anaziba matundu. Nikadhani ni mbu."

Jua lilikuwa limepinda, bati limeanza kupoa, na tuliiona mipira ile mbele ya macho yetu ikilegea kidogo, kidogo sana, kama kifua kinachoshusha pumzi.

"Ni kazi yake ya mwisho," binti akasema. "Nikate?"

Alikuwa ananiuliza mie. Angeweza kukata na nisijue. Niliwaza mambo mengi, na moja lilikuwa kwamba mipira ikikatwa, mchana wa kesho utakuwa kimya, na sikujua kama ninautaka ukimya huo. Miezi yote ile nilisema naogopa. Nilikuwa naogopa, ndiyo. Na kila jua lilipopanda nilikuwa najitafutia kazi karibu na ukuta wa stoo.

"Lete koleo yake," nikasema.

Nikakata mwenyewe. Wa kwanza ulirukia mkononi mwangu. Ulikuwa na joto, joto la mtu, la kiganja kilichotoka kazini. Wa pili nilichelewa. Nilipoukata, bomba likarudi nyuma lenyewe, kimya, likatulia.

Eda yangu ikaisha. Nikaoga, nikavaa, na safari yangu ya kwanza nje ya nyumba ilikuwa Bunju. Tulikodi kigari cha mizigo, kirikuu, ndege imelazwa nyuma juu ya godoro lile lile, binti ameikumbatia njia nzima. Nilimwambia dereva aendeshe kama amebeba mzazi.

Mzee wa Kinondoni alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli, kanzu safi, mikono imetulia magotini ili isionekane inavyotetemeka. Binti akamwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Pole na msiba, mama," akaniambia mie. "Nilisikia marehemu alikuwa fundi wa mabomba."

"Wa ekzosi."

"Basi tuone."

Akainama juu ya ndege, tochi mkononi inacheza cheza. Alichungulia kwa muda mrefu. Akamwambia binti aingize vidole vyake mwenyewe kwenye nafasi, kwa kuwa vya kwake havitulii. Akatazama kwa mbele, kama katikati ya injini inalingana na katikati ya bomba. Nilimwona binti yangu anatafuna mdomo wa chini. Nikaona mzee ameinua kile kijiti cha mninga, binti alikuja nacho cha kupimia. Akakigeuza geuza. Kilikuwa na alama pande zote mbili, za mwezi mwandamo, zimezama.

"Kimeumwa na nini hiki?"

"Baba alikuwa hataki nafasi, mzee," binti akasema.

Mzee akanitazama mie, akamtazama yeye. Hakuuliza zaidi. Watu wa umri wetu wanajua mahali pa kuachia.

"Washa."

Injini ile inaanza kwa mlio mdogo, kama mbu. Kisha ni mbu mkubwa. Kisha si kitu unachokijua tena, ni mlio unaoingia kwenye meno, na harufu ya mafuta ya taa inajaa kila mahali, na nyuma ya ndege majani yanalala chini bila kuguswa. Nilisimama pembeni walikoniambia. Nilikuwa naangalia ile nafasi tu. Nilikuwa nasubiri moshi utoke, nauona kabisa unavyotoka, unavyompanda binti yangu usoni pale alipoinama. Nikajua hivi ndivyo mume wangu alivyokuwa akiiona ndege hii kila alipoingia stoo.

Mzee akaniita kwa mkono. Akaniomba uzi. Nikachomoa mmoja kwenye pindo la khanga, akaufunga kwenye ncha ya kijiti, akampa binti ausogeze karibu na upenyo, kwa juu.

Uzi ukasimama. Ukanyooka, ukaelekeza ncha yake kwenye ile nafasi, ukatetemeka hapo, kisha ukachomoka kijitini ukaingia. Ukamezwa.

"Unaona, mama?" mzee akanipigia kelele sikioni. "Hapo ndipo inapovutia pumzi!"

Niliona. Hakukuwa na moshi. Upenyo ulikuwa unavuta hewa kwa ndani, kama alivyosema mtoto, na mume wangu hayupo wa kuuona uzi ule. Nilimkasirikia wakati ule kuliko siku zote za ndoa yetu. Angesubiri kidogo tu.

Injini ilipozimwa mzee alirudi kitini. Akasema, "Ni yako. Na mwezi ujao njoo dukani, kuna watu wawili wana ndege zimelala." Binti akamshika mkono akaubusu. Kisha akaenda nyuma ya kirikuu, na huko ndiko alikolia.

Ndege sasa anaiweka kwenye chumba alichokodi cha kazi. Stoo imebaki na meza, na jiliwa, na koti. Mipira ile miwili nimeitia kwenye mfuko wa koti, kwa kuwa sikuona mahali pake pengine.

Wiki ile ile, mchana, jua limesimama, nilikuwa uani nachagua mchele. Bati lilikuwa linalia. Ndege ikapita. Mlango wa stoo umefungwa, mezani hakuna kitu.

Pa!

Safari hii nilikuwa nimeufunga mdomo. Nikauweka ungo chini, nikafungua mlango, nikasimama kizingitini kwenye lile joto.

"Haijashika," nikamwambia. "Na haitakiwi kushika. Nimeona mwenyewe, mtoto yuko salama. Pumzika."

Nikangoja kidogo, nikatoka. Mlango sikuufunga tena. Nimeutilia kile kijiti cha mninga chini yake, upenyo kama wa vidole viwili, hewa ipite.